Ngome iliyookolewa na ngoma

Siku ya Krismasi mwaka 2020, upande mmoja wa Beit el Ajaib, Forodhani, Zanzibar, uliporomoka huku mafundi wakiwa kazini. Wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na likanusurika mizinga ya Waingereza ya 1896, lilikuwa limefungwa tangu 2012 roshani yake ilipoanza kumeguka. Ukuta kwa ukuta na hapo, Ngome Kongwe, yenye umri zaidi ya mara mbili ya jirani yake, imesimama na jukwaa lake.

Wapo wanaosema ni suala la ubora wa ujenzi. Mimi nadhani ni suala la nani alikuwa na ufunguo, na kwa kazi gani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia kwa kodi ndogo. Hakukuwa na fedha za ukarabati. Mvua ikipenya kwenye chokaa, boriti za mikoko zinaoza ndani kwa ndani, na siku moja dari linashuka na ghorofa nzima. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, wakiongozwa na Francesco Siravo, waliorodhesha majengo yapatayo 1,700, mengi yakiwa hoi. Mwaka 2000 UNESCO ikautambua mji kuwa Urithi wa Dunia.

Ngome ilikuwa na mkosi wake. Waomani waliijenga karibu mwaka 1700, baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa. Ikawa gereza, na nje ya ukuta wake wa mashariki wahalifu walinyongwa. Ilipokuja reli ya Bububu, ikageuzwa karakana ya treni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uani mwake palichezwa tenisi ya wanawake. Kisha ikasahaulika, hadi katikati ya miaka ya 1990 zilipojengwa ngazi za mawe za kukalia watazamaji chini ya anga wazi.

Ngazi zile ndizo zilizobadilisha mambo. Mwaka 1998 lilianza tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF. Februari 2004 likafuata tamasha la muziki la Sauti za Busara, na mwimbaji wa taarabu Bi Kidude akawa sura yake hadi alipofariki 2013. Jengo lenye watu elfu moja na zaidi usiku mmoja lazima liwe na taa na vyoo, na lazima awepo mtu wa kupigiwa kelele ukuta ukipasuka.

Hapo ndipo ulipozuka mvutano. Kwa miaka, kila Februari vyumba vya hoteli za Shangani vilijaa, teksi zikapata abiria, wauza urojo na pweza wa Forodhani wakalala usiku wa manane. Gharama za jukwaa, hata hivyo, zilibebwa zaidi na wafadhili wa nje. Wafadhili walipopunguza fedha, waandaaji wa Busara walitangaza kwamba tamasha la 2016 halitakuwapo. Halikuwapo. Wenye hoteli walilalamika kuhusu vyumba vitupu, ambavyo kwa miaka yote walikuwa wakivijaza kwa jasho la wengine. Tamasha lilirudi 2017, lakini swali la nani alipe halikuondoka.

Kuna upande mwingine usiopendeza. Kadiri mji ulivyovutia, ndivyo nyumba zilivyogeuka hoteli. Hata Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililo ufukweni, liliishia kuwa hoteli ya kifahari mwaka 2015, baada ya malumbano marefu na UNESCO. Familia zilizohama ziko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ambako jukwaa la maana bado halijafika.

Beit el Ajaib nalo lilikuwa na nafasi yake. Profesa Abdul Sheriff alilisimamia kama makumbusho, na ukumbini kulikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Watoto wa shule waliingia. Oman iliahidi kufadhili ukarabati wake. Likifunguliwa, liwe makumbusho tena, na kiingilio cha mtoto wa Ng'ambo kiwe bure.