Kuishiwa dizeli njiani (Voi na Taita Taveta)

Kuishiwa dizeli ni hali ya gari la dizeli kukausha tanki likiwa safarini hadi injini ikazimika. Gari la petroli likikauka, lita chache hutosha kulirudisha barabarani. La dizeli hubaki limelala hata tanki likijazwa hadi mdomoni, kwa kuwa mabomba yake yameshika hewa, na mara nyingi hewa hiyo haitoki mpaka itolewe. Katika Kaunti ya Taita Taveta jambo hili ni zito kuliko katika kaunti nyingi za Kenya. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi na ile ya Voi–Taveta hukata nyika ya Tsavo kwa makumi ya kilomita, na barabara za kwenda Wundanyi hupanda milima mikali inayoweza kuizima injini ambayo bado ina mafuta.

Jinsi injini inavyokauka

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto kali, kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, na ukungu huo hushika moto wenyewe. Ni kanuni ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliipatia hataza mwaka 1893 na kuitia katika injini iliyofanya kazi huko Augsburg mwaka 1897. Nozeli hufunguka kwa shinikizo, na shinikizo hupatikana kwa sababu dizeli haikubali kubanwa. Hewa hukubali. Povu dogo likiingia kwenye pampu hunywea na kutanuka kila pampu inapopiga, nozeli haifunguki, na silinda haipati kitu.

Dalili huanza mapema. Gari hukosa nguvu likikanyagiwa mafuta, injini hukohoa, hupata nafuu, hukohoa tena. Dereva anayesogea kando mara hiyo na kuzima injini hujipunguzia kazi kubwa, maana mabomba yake bado yana dizeli. Anayelazimisha mpaka injini ife yenyewe huwa ameivuta hewa hadi ndani ya pampu.

Madhara ya kudumu hutegemea aina ya pampu. Pampu za safu za malori ya zamani hulainishwa na oili ya injini, ndiyo maana zilivumilia kukauka mara nyingi. Pampu ya kuzunguka, kama ile ya injini ya 1HZ iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za watalii, hulainishwa na dizeli yenyewe: mafuta yakiisha, vyuma husagana vikavu. Walio hatarini zaidi ni wenye magari ya mfumo wa reli moja ya shinikizo la juu, ulioingia kwenye magari madogo mwaka 1997 kwa Alfa Romeo 156 na sasa uko kwenye Hilux, HiAce na malori mapya. Mfumo huo hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,000. Pampu yake ikikauka inaweza kumeguka vipande vidogo vya chuma, vipande hivyo vikasafiri hadi kwenye nozeli, na mwenye gari akalazimika kubadilisha pampu, nozeli zote na mabomba kwa pamoja.

Husemwa sana kwamba tanki likikaribia kuisha gari hunyonya uchafu wa chini. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Bomba la kunyonya liko karibu na sakafu ya tanki siku zote, liwe limejaa au la. Lakini mafuta yakiwa kidogo huyumba, hutibua mashapo, na maji yaliyotuama chini hupata njia. Pia kuna joto: dizeli ya ziada hurudi kwenye tanki ikiwa imepashwa na injini, na kiasi kidogo kilichobaki hupoa polepole. Katika jua la Voi saa nane mchana, lita nne za mwisho huwa moto na nyepesi, hivyo hulainisha pampu vibaya kuliko lita arobaini.

Barabara na miinuko

Voi iko kilomita 160 hivi kutoka Mombasa na karibu 330 kutoka Nairobi. Kuelekea Nairobi, kipande cha kilomita 95 hivi hadi Mtito Andei hupita Ndi, Manyani na daraja la mto Tsavo, Tsavo Mashariki ikiwa upande mmoja na Tsavo Magharibi upande wa pili. Kuelekea Mombasa kuna Maungu, kituo kikubwa cha malori kulala, kisha nyika hadi Mackinnon Road. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo lote la Tsavo. Gari likizimika hapa usiku, kutembea kwa miguu kutafuta mafuta ni kujitia hatarini. Dereva mwenye uzoefu hukaa ndani na kusubiri lori linaloweza kumpa msaada.

Barabara ya Voi–Taveta, yenye urefu wa kilomita 110 hivi, hupita Mwatate, Bura na Maktau, kisha hukata Tsavo Magharibi na kuteremkia Taveta, mkabala na Holili nchini Tanzania. Kipande cha kutoka Maktau kwenda mbele ndicho kinachoogopwa zaidi na wasiojaza.

Milima ya Taita ina sura yake. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300, na kilele cha Vuria hufika 2,208. Barabara ya Mwatate–Wundanyi hupanda kwa kona za kufuatana, na hapo geji humdanganya mtu. Gari likiinua pua, dizeli hukimbilia nyuma ya tanki. Kama bomba la kunyonya liko mbele, injini huvuta hewa ingawa tanki lina lita tano au sita. Dereva aliyetoka Voi salama na sindano ikiwa juu kidogo ya E huweza kuzimikiwa kwenye kona ya tatu, abiria wakashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Madereva wageni hulaumu pampu au filta kwa saa nzima kabla ya kuamini kwamba mlima ndio uliokausha gari.

Kuteremka nako kuna hatari, na mkusanyaji wa makala hii anaona haijasemwa vya kutosha. Wapo wanaoteremka kutoka Wundanyi gia ikiwa huru, wengine wakizima injini kabisa, ili mafuta yafike Mwatate. Injini ikizimika, usukani wa nguvu huwa mgumu, na breki zinazosaidiwa na pampu ya vakyumu huisha nguvu baada ya kukanyagwa mara chache. Akiba yenyewe ni ndogo au haipo: gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagiwa mafuta, pampu nyingi hukata dizeli zenyewe, ilhali injini inayonguruma gia ikiwa huru huendelea kunywa.

Kuamsha gari lililokauka

Fundi hufika na jerikeni la lita 20, mpira, spana chache na kitambaa. Dizeli ikishamiminwa, huinama juu ya injini, hulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta, kisha huanza kubonyeza kifundo cha pampu ya mkono kwa gumba. Mwanzoni kifundo ni chepesi, kinanywea kama mpira usio na upepo. Baada ya mabonyezo ishirini au thelathini skrubu hutema povu jeupe. Povu huwa mapovu makubwa machache. Mwishowe hutoka uzi mwembamba wa dizeli safi, na kifundo hukakamaa chini ya gumba. Skrubu hukazwa dizeli ikiwa ingali inatoka, ili hewa isipate nafasi ya kurudi.

Kwa injini za zamani, hatua inayofuata ni kulegeza nati za mabomba ya nozeli na kumwambia taniboi, yaani msaidizi wa dereva, apige stata. Kila nati inayotema dizeli hukazwa. Injini hushika silinda moja, hutikisika mwili mzima, hushika ya pili, hutoa moshi mweupe, kisha hutulia. Stata haipigwi zaidi ya sekunde 15 au 20 kwa mara moja, tena hupumzishwa, la sivyo betri huisha na stata huungua, na tatizo la mafuta huwa matatizo matatu.

Nati hizo hazifunguliwi kabisa kwenye gari la reli moja. Dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumgharimu mtu mkono. Katika magari hayo hewa hutolewa kwenye filta tu, au kwa kuwasha na kuzima swichi mara kadhaa ili pampu ya umeme, kama ipo, ijaze mabomba.

Sababu

Uzembe hutajwa kwanza, lakini si haki. Matatu na pikapu za kubebea mboga kutoka milimani hutiwa mafuta ya shilingi mia chache kila safari, kwa sababu pesa ya kujaza tanki haipo kabla nauli haijakusanywa. Bei ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, utaratibu ulioanza Desemba 2010 na ambao sasa uko chini ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Mwaka 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka huo lita ya dizeli Nairobi ilifika shilingi 205.47. Kwa bei hiyo, tanki la lita 90 la Land Cruiser lilimeza zaidi ya shilingi 18,000. Uhaba wa Machi na Aprili 2022, uliotokana na serikali kuchelewa kuzilipa kampuni za mafuta fidia ya bei, uliwakausha hata wenye pesa mfukoni.

Sababu nyingine ni geji mbovu na wizi. Lori likilala kando ya barabara, dizeli hunyonywa kwa mpira usiku, na dereva hugundua akiwa ameshatoka kilomita thelathini.

Bomba la mafuta

Bomba la Mombasa–Nairobi, la inchi 14 na urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Lilikuwa na vituo vya kusukumia mafuta Maungu na, tangu lilipoongezewa uwezo, Manyani. Bomba jipya la inchi 20 lilianza kutumika mwaka 2018. Ingawa dizeli hupita katika kaunti hii kwa bomba, hupakuliwa Nairobi na kwingineko, haipakuliwi Voi. Vituo vya Voi huletewa mafuta kwa malori.



 

Sheria

Gari lililosimama barabarani lazima liwekewe pembetatu za kuakisi mwanga. Wengi bado hukata matawi na kuyapanga kwenye lami, na matawi hayo mara nyingi huachwa pale pale gari likishaondoka.

Hali ya sasa

Kuanza kwa reli ya kisasa (SGR) mwaka 2017 kulipunguza malori yanayopita Voi, hadi Septemba 2022 serikali iliporuhusu tena mizigo itolewe bandarini Mombasa. Lami ya Mwatate–Taveta, iliyowekwa katika miaka ya 2010, imepunguza matumizi ya mafuta kwa safari ya Taveta. Hata hivyo madereva waangalifu hujaza Voi au Mwatate kabla ya kufika Maktau, na wenye Land Cruiser za matanki mawili hubadili swichi tanki la kwanza likiwa lingali na robo.