Cheti, Leseni na Usajili: Historia ya Sifa za Ualimu Kilosa

Masharti ya kuruhusiwa kufundisha shule wilayani Kilosa, kuanzia milima ya Ukaguru hadi Mikumi na Ruaha, yamebadilika mara nyingi tangu karne ya 19. Watoto walipozidi walimu, masharti yalilegezwa; walimu walipopatikana, yalikazwa tena.

Walimu wa kwanza wa shule za kusoma na kuandika walitokana na misheni. Waanglikana wa CMS waliweka kituo Mamboya, Ukaguru, karibu na mwaka 1880. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotokea Bagamoyo, walifungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Katika shule zao za vijijini mwalimu alikuwa pia katekista. Sifa zake zilikuwa ubatizo, kujua kusoma na kuandika, na kuaminiwa na padri au mchungaji. Mtihani wa ualimu haukuwapo. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na shule zake chache, na shabaha yake kubwa ilikuwa kupata makarani na maakida.

Cheti kilipata uzito chini ya Waingereza. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu barani Afrika, kuzuru Tanganyika mwaka 1924, Sheria ya Elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku: misheni iliyotaka fedha za serikali ilipaswa kufuata mtaala uliokubaliwa na kuajiri walimu wanaotambuliwa. Chuo cha serikali kilikuwa kimefunguliwa Mpwapwa mwaka 1926, na CMS walikuwa na chuo chao Kongwa. Walimu wenye cheti waligawanyika katika madaraja mawili. Wa daraja la pili walifundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili; wa daraja la kwanza walikuwa na elimu ya juu zaidi na waliweza kufundisha kwa Kiingereza. Shule ndogo za vijijini zisizopata ruzuku ziliendelea kushikwa na makatekista wasio na cheti.

Baada ya Uhuru walimu wa serikali na wa misheni waliwekwa katika utumishi mmoja kwa sheria ya mwaka 1962. Madaraja yakawa A, B na C. Daraja C lilikuwa la waliomaliza elimu ya msingi kisha wakasoma ualimu, na Daraja A la waliomaliza kidato cha nne. Mwalimu wa C aliweza kupandishwa hadi B baada ya kuthibitisha uwezo wake kazini. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Uamuzi huo uliwafaa sana walimu wa Kilosa, kwani mashamba ya mkonge ya Kimamba na ya miwa ya Ruembe yalikusanya familia za makabila mengi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe shule ifikapo mwaka 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu nchini kote, wakafunzwa wakiwa kazini. Walifundisha sehemu ya siku, wakajisomea masomo kwa njia ya posta na redio, wakakutana na mratibu wa kata, kisha wakaingia chuoni kwa wiki chache kabla ya mtihani. Mafunzo yalichukua takriban miaka mitatu. Jina la walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, liliwaganda kwa miaka mingi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka mipaka wazi. Mwenye cheti cha ualimu alisajiliwa. Asiyesomea ualimu aliweza kufundisha kwa leseni tu. Leseni hiyo ilikuja kutumika kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na shule za sekondari za kata zilikuwa zikijengwa kwa kasi. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Watu waliwaita walimu wa leseni au, kwa utani, voda fasta. Baadhi yao walijiendeleza baadaye kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Masharti yakakazwa tena katika miaka ya 2010. Mwombaji wa cheti cha Daraja A akatakiwa kuwa amefaulu kidato cha nne kwa daraja la tatu au zaidi. Wilayani Kilosa mafunzo hutolewa katika Chuo cha Ualimu Ilonga, ambako mwanachuo husoma masomo ya kufundishia, saikolojia na mbinu, hufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za jirani, kisha hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye jukumu la kusajili walimu na kusimamia maadili yao. Tangu mwaka 2025 wahitimu wanaoomba ajira serikalini hupita pia kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Hivyo cheti, kilichomhakikishia mwalimu wa miaka ya 1970 kituo cha kazi mara tu alipotoka chuoni, sasa humpa haki ya kuomba kazi.