Picha Hufika Kwa Mdomo Kwanza

Kabla ya 1970, mtu wa Ibra au Nizwa aliyetaka kuijua sinema alilazimika kusimuliwa. Oman ya Sultani Said bin Taimur ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi na shule 3 tu. Jumba la sinema katika mikoa yao, Sharqiyah au Dakhiliyah, lingetoka wapi? Lakini watu wa huko walikuwa na ndugu Unguja. Majahazi ya Sur yaliteremka na upepo wa kaskazi na kupanda na kusi, na Waharthi na Wabarwani wengi wa upande wa Ibra walikuwa na nyumba na mashamba ya karafuu visiwani. Na Unguja watu walikuwa wakienda sinema tangu zamani.

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Mji Mkongwe jumba lililoitwa Royal, kwa ramani ya J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora majengo mengi ya serikali mjini. Baadaye jumba hilo likaitwa Majestic. Likaungua, likajengwa upya katika miaka ya 1950. Kufikia wakati huo mji ulikuwa pia na Empire na Sultana, na mtu wa Darajani au Malindi aliweza kuchagua aende wapi.

Achague vipi? Bango lilikuwepo ukutani, lakini bango halisemi kama picha inaliza. Hilo lilisemwa barazani. Aliyeiona picha jana aliketi na kahawa yake akaulizwa: stelingi ni nani, adui anakufa vipi, nyimbo ngapi, wakubwa na wadogo wanaweza kukaa pamoja wakaitazama? Swali la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Sinema ya Unguja ilikuwa matembezi ya familia, watu wanavaa na kujifukiza udi, na aliyempeleka mwenziwe pamoja na mama yake na shangazi zake kwenye picha ya aibu aliulizwa kwa nini. Kusifu picha kulikuwa ni kuweka dhamana.

Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyekaa miaka mingi na wazee wa Unguja na Bara na kuchapisha kitabu chake juu ya sinema za Tanzania mwaka 2018, ameonyesha jinsi mazungumzo haya yalivyoendelea siku kadhaa baada ya taa kuwashwa. Ameeleza pia maonyesho ya wanawake peke yao, ambako wake wa majumba yaliyositirika waliweza kwenda na mabuibui yao bila kuchanganyika na wanaume. Hapo ndipo pendekezo lilipopata nguvu zake. Mwanamke aliyerudi kutoka sinema alikuwa na kitu cha kusimulia uani, na bibi asiyetoka kabisa akaipata picha nzima kwa mdomo: kilio, nguo, nyimbo na yote.

Picha iliyosimuliwa kuliko nyingi ilikuwa *Awaara* ya Raj Kapoor, ya 1951. Kijana Raj amezaliwa na mama aliyefukuzwa na mumewe, hakimu. Analelewa na umasikini na wizi. Anampenda msichana aliyelelewa katika nyumba ya hakimu yule yule, na ni msichana huyo anayesimama mahakamani kumtetea. Watazamaji wengi wa Unguja hawakujua Kihindi, na haikuwazuia. Kisa kile kiliwagusa mahali palipouma, katika mji uliopima watu kwa nasaba na kuwaoza mabinti kwa uamuzi wa wazee. Kijana aliyemwambia ami yake, "Nenda kaione *Awaara*," alikuwa ameshasema jambo kuhusu ndoa yake mwenyewe bila kulitaja, na ami akaweza kumjibu kwa kumhukumu Raj. Ndiyo maana ni kosa kuyachukua mazungumzo ya sinema kuwa porojo za kupitisha jioni. Barazani, picha ilibeba maneno ambayo adabu ilikataza kusemwa uso kwa uso.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi wa watazamaji hao: Mombasa, Dubai, Kairo, Kuwait. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, maelfu walikuja, wengine wakiiona nchi ya babu zao kwa mara ya kwanza. Walikuja na Kiswahili, na pilau, na taarab ambayo baadhi ya tuni zake zilitoka katika picha za Kihindi. Na walikuja na kumbukumbu za picha zenyewe. Katika bonde la Ibra, ambako jirani hakuwahi kuona hata turubali la sinema, msimulizi alikuwa mtu wa maana.

Televisheni ya Oman ilianza kurusha matangazo Novemba 1974. Kisha zikaja kanda za video, na hapo sinema ikahamia majlisi. Kanda ilipita nyumba kwa nyumba kwa ushauri wa shangazi na binamu, na swali la zamani likabaki vile vile: inatazamika mbele ya wazee? Dishi lilipoingia, uteuzi ukawa mgumu zaidi. Tangu 2013 iko chaneli nzima ya MBC Bollywood inayorusha picha za Kihindi kwa watazamaji wa Kiarabu, usiku na mchana. Pakiwa na picha nyingi kiasi hicho, mtu wa kukuambia ipi ya kuiacha ana thamani kuliko zamani.

Waomani nao wameanza kupiga picha zao. *Al-Boom* ya Khalid Al-Zadjali, ya 2006, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kiomani, na inahusu kijiji cha wavuvi. Watu wa Sur hawahitaji kufafanuliwa kwa nini filamu hiyo ilistahili kupewa jina la jahazi.

Kwa nyumba zinazozungumza Kiswahili Ibra, Sur na Nizwa, pendekezo la gazeti hili ni *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kutengenezwa kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa aliyochaguliwa, na Denge anapigania uhuru. Ina mapenzi na ina siasa ambazo si kila familia itakubaliana nazo, hivyo mkubwa mmoja aitangulie kuiona. Kisha itazamwe pamoja na bibi aliyekulia Malindi au Vuga, na isimamishwe kila anapotaka kusahihisha.