Karatasi inabaki

Vijana wangu hapa kambini huniuliza: "Ukimshtaki polisi, si umejimaliza?" Siwadanganyi. Mwaka 2015, hapa Kenya, polisi alimpiga risasi mwendesha bodaboda. Jamaa akapeleka malalamiko IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Juni 2016, wakitoka kortini Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi walitekwa. Wakiwa wamefungiwa kituoni, kikaratasi cha kuomba msaada kilitupwa nje. Mtu akakiokota, akapiga simu. Wote watatu waliuawa. Lakini Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao.

Kwa hiyo andika tarehe, mahali, namba ya askari. Nakala muachie mwenzako.