Mlima wa Buluu Sebuleni

Mama alipokuja kunitembelea Dar es Salaam mwaka juzi, alipewa maji ya kunywa, akapumua, halafu macho yakaenda ukutani. "Huu mlima ni wa wapi?" Nikamjibu ni wa Ujerumani, kusini kabisa, jimbo la Bavaria. Akaweka glasi chini. "Sisi tuna mlima wetu nyumbani, wewe umetundika wa watu."

Alikuwa na haki ya kusema. Mama ni mtu wa Old Moshi. Asubuhi isiyo na mawingu akifungua mlango wa jikoni kwake, Kibo iko pale pale, kama jirani aliyeamka mapema. Na si yeye peke yake. Karibu kila mgeni wangu ameniuliza kwa nini sikununua Tingatinga ya Kilimanjaro na tembo wawili chini yake, eti ingependeza zaidi.

Picha yenyewe ni nakala tu, ukurasa wa kalenda ya zamani niliyoikuta kwa muuza vitabu vya mitumba. Kilichonigharimu ni fremu na kioo. Fundi alinionya nisiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, maana rangi zitapauka. Akagongomea vipande vidogo vya mbao kwa nyuma ili hewa ipite, kwa sababu kuta za Dar zina unyevu na karatasi hushika ukungu haraka. Nilimtii kwa yote mawili. Sasa mlima uko juu ya kochi, kwenye ukuta wa kivuli.

Mchoraji ni Gabriele Münter, aliyezaliwa Berlin mwaka 1877. Picha inaonyesha kinamasi kilicho karibu na mji mdogo wa Murnau, na milima nyuma yake. Aliichora mwaka 1908 kwa rangi ya mafuta juu ya kipande cha kadibodi ambacho hakifiki nusu mita kwa upana. Ile halisi iko kwenye makumbusho ya Lenbachhaus, Munich. Ukiisogelea unaona kwamba hakuna jani wala jiwe lililochorwa kwa makini. Kuna vipande vipana vya rangi vilivyolazwa kimoja kando ya kingine, na mwisho kabisa milima ya buluu.

"Mlima gani una rangi hiyo?" mama aliuliza. Kusema kweli, hilo ndilo swali watu wa zama zile waliloliuliza pia. Hawa wachoraji tunaowaita waekspreshonisti hawakutaka kushindana na kamera. Walitaka kuchora kile ambacho mlima unamfanyia mtu anayeutazama. Kama umewahi kusimama Moshi saa kumi na mbili jioni, jua likizama, unajua kwamba kwa dakika chache mlima hubadilika rangi, na ukimsimulia mtu asubuhi yake hakuamini.

Sasa, Münter alifikaje hapo? Chuo cha sanaa cha Munich kilikuwa hakipokei wanawake wakati ule. Wazazi wake walikuwa wamefariki na kumwachia urithi, kwa hiyo akajilipia masomo kwenye shule za binafsi. Mojawapo ilikuwa Phalanx, na mwalimu wake hapo alikuwa Mrusi Wassily Kandinsky, mwanamume mwenye mke. Wakawa wapenzi, wakasafiri pamoja kwa miaka kadhaa. Mwaka 1908 wakafika Murnau na rafiki zao wawili, Alexej von Jawlensky na Marianne von Werefkin, wakapanga kwenye nyumba ya wageni. Ndani ya wiki chache mkono wa Münter ulibadilika. Akaacha viboko vidogo vidogo vya brashi, akaanza kuweka rangi nzito zisizochanganywa sana, mara nyingi akizizungushia mstari mweusi. Sehemu ya mbinu hiyo aliimarisha kwa kuangalia wanakijiji, ambao walikuwa na desturi ya kuchora picha za watakatifu nyuma ya vioo na kuzitundika majumbani. Alijifunza kazi hiyo kwa fundi wa pale pale Murnau.

Mwaka 1909 alinunua nyumba hapo, kwa pesa zake mwenyewe. Wakaipamba wote wawili. Walipaka rangi makabati na meza, na Kandinsky akachora wapanda farasi na maua kwenye ngazi ya ndani. Majirani waliiita Nyumba ya Warusi. Ni katika nyumba hiyo kundi la Der Blaue Reiter, yaani Mpanda Farasi wa Buluu, lilifanya sehemu ya mipango yake kabla ya maonyesho ya kwanza Munich, Desemba 1911.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu mama alisimama hapa pia. "Mwaka 1908," alisema, "si Wajerumani walikuwa kwetu?" Walikuwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka uliotangulia. Mangi Meli alikuwa amenyongwa Old Moshi tangu Machi 1900. Kilele cha Kibo kiliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, jina alilokipa Hans Meyer alipofika juu mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Meyer aliondoka na jiwe la kileleni akampelekea Kaisari, nalo likawekwa ukutani katika jumba lake la Potsdam, ndani ya ukumbi uliojaa mawe na makombe ya baharini.

Kwa hiyo kulikuwa na Wajerumani waliokuwa na mlima wetu ukutani muda mrefu kabla mimi sijatundika wa kwao. Münter hakumtuma Meyer, na sitaki kumbebesha mzigo usio wake. Lakini ile tofauti ya namna ya kuleta mlima nyumbani haijanitoka. Mmoja alivunja kipande akaondoka nacho. Mwingine aliukaa mlima kwa miaka, akanunua kiwanja na nyumba karibu nao, akauchora tena na tena.

Agosti 1914 vita ikaanza. Kandinsky, kwa kuwa ni Mrusi, akawa raia wa nchi adui, ikambidi aondoke Ujerumani. Walionana mara ya mwisho Stockholm, majira ya baridi ya 1915 kuingia 1916. Alirudi Urusi, na mwaka 1917 akaoa mwanamke mwingine. Münter aliendelea kungoja bila kujua. Habari ilipomfikia, mkononi alikuwa amebaki na picha za Kandinsky, nyingi mno. Wakabishana kwa miaka kupitia mawakili. Mwaka 1926 akamrudishia baadhi, zilizobaki zikawa zake kisheria.

Kisha wakaja Wanazi. Julai 1937 walifungua Munich maonyesho ya kile walichokiita sanaa iliyopotoka, wakatundika kazi za Kandinsky na wengine ili watu wazicheke. Nisimfanye Münter malaika: miaka hiyohiyo alichora ujenzi wa barabara, na akashiriki maonyesho ya kusifia barabara za Hitler. Alitaka kuishi. Lakini picha za zamani, zake na za Kandinsky na za rafiki zao, alizificha chini ya nyumba yake Murnau. Kama zingekamatwa, zingeweza kuchomwa au kuuzwa, na yeye angekuwa na maswali ya kujibu. Zilikaa pale mpaka vita ikaisha. Mwaka 1957, akitimiza miaka 80, akaukabidhi mji wa Munich zaidi ya kazi 1,000, zikiwemo takriban 90 za Kandinsky za rangi ya mafuta. Ndizo zilizoifanya Lenbachhaus ijulikane duniani. Münter alifariki mwaka 1962, kwenye nyumba ileile.

Nilipomaliza kumsimulia, mama alikaa kimya. Nilijua anawaza nini, na nadhani ndiyo sababu halisi nilimsimulia.

Baba alituondokea nikiwa darasa la tatu. Alikwenda kikazi mji mwingine, na huko akaanza familia nyingine. Aliacha redio, vitabu vyake vya ualimu, koti moja na picha ya harusi. Shangazi zangu walimwambia mama avichome au avitupe. Yeye akavifunga kwenye sanduku la bati, akalisukuma chini ya kitanda, na kwa miaka yote niliyokua hakulifungua mbele yetu. Mimi nilimwona mjinga. Nikiwa chuo kikuu niliwahi kumwambia hivyo, kwa maneno laini kidogo, lakini alinielewa. Hatukuzungumza kwa mwezi mzima.

Jioni ile nilimuuliza kwa adabu zaidi. "Mama, kwa nini hukuvitupa?"

"Huyu wako," akanyoosha kidole ukutani, "angetupa angebaki na nini? Ujana wake wote umo humo." Halafu akaongeza, bila kunitazama, "Mnadhani nilikuwa namtunzia yeye. Kwenye picha ya harusi na mimi si nipo? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili."

Sikuwa na jibu. Nimeandika habari za watu kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwahi kufikiria kwamba kwenye ile picha kuna watu wawili. Nilisoma kuhusu Münter kwa sababu ya rangi zake, nikavutiwa na ujasiri wa kuficha, nikausifu mezani mbele ya marafiki. Ujasiri uleule chini ya kitanda cha mama niliuita ujinga.

Kabla hajapanda basi la kurudi Moshi, nilimwomba ile picha ya harusi niipeleke kwa fundi, aiwekee fremu na kioo, nami niitundike kando ya mlima. Alicheka. Akasema ataangalia kama panya hawajaila, kisha atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Mimi msumari nimeshaupigilia, kwenye ukuta uleule wa kivuli.