Chatu wa Rufiji na Marufuku za Nchi Mbili

Katika bonde la Rufiji na vichaka vya Kibiti, chatu ni mwenyeji. Humla ndezi, naye ndezi ni adui wa mpunga. Humla pia mbuzi wa mtu, na hapo sifa zake hukoma. Lakini hakuna anayemwita mvamizi. Jina hilo alipewa Marekani. Januari 2012 serikali ya nchi hiyo iliwaweka chatu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini, pamoja na chatu wa Burma na anakonda wa njano, katika orodha ya viumbe wenye madhara. Ikapiga marufuku kuwaingiza nchini na kuwasafirisha baina ya majimbo.

Chanzo kilikuwa Florida. Huko chatu wa Burma waliofugwa majumbani, wakatoroka au wakatupwa na wenyewe walipozidi ukubwa, walizaliana katika vinamasi vya Everglades na kuwapunguza mno wanyama wa pale. Wafugaji walipinga: nyoka wa nchi za joto atavamia vipi miji ya theluji? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi kwa hoja nyingine kabisa, kwamba sheria haikuipa serikali mamlaka ya kuzuia usafirishaji baina ya majimbo ya bara. Marufuku ya kuwaingiza kutoka nje ikabaki.

Nasi tulikuwa upande wa pili wa biashara hiyo, tukiuza reptilia hai kwa leseni. Mei 2016 Waziri Jumanne Maghembe alisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwa miaka mitatu. Kidonda chetu kilikuwa twiga waliopakiwa ndegeni mwaka 2010 kwenda Qatar. Hasira ile ilikuwa ya haki, ila ilimtazama mnyama kama mali iliyoibwa tu. Atakachokiharibu huko aendako hakikutushughulisha. Wala madhara ya wanaoletwa kwetu, ingawa kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, hadi leo anakwapua vifaranga Dar es Salaam.

Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara wenye wanyama waliosalia mabandani kuwasafirisha kwa miezi sita. Kelele zikapigwa, na ruhusa ikasitishwa ndani ya siku chache. Waliosikika ni wafanyabiashara, wanaharakati na wizara. Mkulima wa mpunga wa Kibiti, anayelala jirani na chatu, sikumsikia akiulizwa, si Washington wala Dodoma.