Bw. Robert Smalls, Mjumbe wa Jimbo la South Carolina

Ndugu wanachama, mara kwa mara huulizwa katika mikutano yetu kwa nini fedha za chama zitumike kuwafundisha kusoma watu wazima waliokwisha kuota mvi. Tumeona vema kujibu kwa historia ya Bw. Robert Smalls wa Marekani, kwa kuwa maisha yake yaonyesha thamani ya elimu kuliko hotuba nyingi.

Smalls alizaliwa mtumwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji wa Beaufort, South Carolina. Sheria ya jimbo lile ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma wala kuandika. Alipopata umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za kukodishwa, na sehemu kubwa ya ujira wake ikamwendea bwana wake. Huko alijifunza kazi za bandari, hata akawa mshika usukani hodari.

Vita vya Kusini na Kaskazini vilipozuka mwaka 1861, alitumikishwa katika merikebu Planter ya jeshi la Kusini, lililopigania utumwa udumu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala pwani, Smalls na wenzake waliing'oa nanga, wakawapakia wake na watoto wao. Alivaa kofia ya nahodha, akatoa ishara zilizotakiwa mbele ya ngome, akapita. Nje ya bandari walitweka shuka nyeupe, wakaingia mikononi mwa manowari za Kaskazini. Hivyo watu 16 wakapata uhuru. Mwaka 1864, merikebu hiyo ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, alitafuta walimu, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Wengi humsifu kwa usiku ule mmoja. Sisi twaona kwamba kazi yake kubwa zaidi ilianza mwaka 1868, alipochaguliwa mjumbe wa mkutano wa kutunga katiba mpya ya jimbo. Alileta shauri kwamba jimbo liwe na shule za bure, na kila mtoto alazimike kuhudhuria. Katiba ile ikaweka shule za umma kwa watoto wa rangi zote, na kura kwa wanaume weusi na weupe. Mwaka huo huo aliingia Baraza la Wajumbe la jimbo, na mwaka 1870 Seneti ya jimbo. Baadaye, kwa vipindi mbalimbali kati ya 1875 na 1887, aliketi katika Bunge la nchi nzima.

Historia haifai kuficha jambo. Mwaka 1877, wapinzani wake walipokwisha kutwaa serikali ya jimbo, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa shtaka la kupokea hongo ya dola 5,000. Alikana daima, na mwaka 1879 akasamehewa na gavana. Wengi walisema shtaka lilikuwa hila ya siasa. Hata hivyo, tangu hapo adui zake walikuwa na neno la kumtupia.

Mwaka 1895 uliitishwa mkutano mwingine wa katiba, nia yake kuwanyang'anya weusi kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa 6 tu, Smalls akiwa mmoja wao. Alisimama akasema kwamba watu wake hawahitaji upendeleo, bali nafasi sawa na wengine. Walishindwa. Katiba mpya ilidai mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300. Na mwenye kupima usomaji alikuwa karani mzungu. Smalls alikataa kutia sahihi. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, na watu wake walingoja hata mwaka 1965 ndipo sheria ya nchi ikailinda kura yao kwa nguvu.

Ndugu, tazameni: ujinga ambao sheria iliwalazimisha watumwa kuwa nao ndio uliofanywa baadaye sababu ya kuwanyima watoto wao kura. Smalls aliijua hatari hiyo miaka 27 mapema, ndiyo maana alidai shule kwanza. Basi, mwanachama anapoliona darasa la usiku katika hesabu zetu za mwaka, asilihesabu kuwa hasara.